Saa ya Baba Inavuma

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima huko ughaibuni. Sisi tupo, ila mimi dada yako fundi saa siku hizi situlii hata kwenye kiti.

Saa ya mkononi ya umeme ya marehemu baba, ile inayovuma badala ya kugonga, imepona. Kama ulivyosisitiza, sikubadilisha kitu wala sikulipiga msasa kasha. Michubuko yote ipo, maana mnunuzi uliyempata huko anataka ya asili tupu. Ule waya wa ndani, mwembamba kuliko unywele, niliuunga nimebana pumzi. Saa ikaanza kuvuma vilevile kama zamani, mithili ya nyuki chupani.

Nikampa mama. Akaiweka sikioni, akanirudishia.

"Bado haivumi, mwanangu."

Nikadhani mvumo haujafikia ule anaoukumbuka, nikaifungua tena, nikaweka betri nyingine. "Bado." Nikaenda kugombana na muuza betri wa watu bure. Nusura niitoe mashine ya saa yenyewe niweke ya kisasa, thamani yote iende na maji. Nikazunguka chumba, nikaitumbukiza kwenye kikombe kitupu ili nisikilize vizuri, na mvumo ukajaa chumba kizima. Mama alikuwa ameketi hapo hapo mezani anakunja nguo. Hakuinua hata uso.

Ndipo nilipokaa.

Kumbe ndiyo maana ukimpigia simu anaitikia "ndiyo, ndiyo," kisha ananipa mimi. Juzi kaniuliza amekukosea nini, mbona siku hizi ukipiga huongei.

Mnunuzi asubiri. Wewe mwandikie mama barua, kwa herufi kubwa.

Dada yako