Kwa Rehema, Baada ya Siku Sita za Kunyamaza Jangwani

Swakopmund, Namibia
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, maana mimi ndiye mkubwa na leo nina haja ya kulikumbuka hilo. Marahaba. Hujambo? Mama hajambo huko Ihanda? Goti lake linamruhusu kuingia shambani msimu huu wa kuchuma kahawa, au bado anakaa kwenye kigoda anawaelekeza wachumaji kwa fimbo? Na Neema wangu je? Nimeandika "wangu", nikalitazama sana neno hilo, nikataka kulikata. Nimeliacha.

Mimi ni mzima. Hapa ni ukungu wa bahari kila asubuhi, nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka. Nakula vizuri. Nilikuwa silali vizuri, sababu utaiona humu mbele.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwenye simu kila wiki. Simu yako anaichezea Neema, na jumbe zangu za sauti anazifungua yeye kabla yako. Haya si ya masikio yake. Halafu kwenye simu ungenijibu, na mimi ningekujibu, tungemaliza kwa kukatiana simu. Anayekuletea ni Baba Zuhura, yule dereva wa lori niliyekuwa nampikia wali pale Tunduma, enzi za banda langu kwenye maegesho. Anarudi na mzigo kupitia Zambia. Akivuka mpaka pale Nakonde tu atatafuta njia ya kuifikisha kwako Vwawa. Akija mwenyewe, usimwache aondoke bila chai.

Nilikwambia kwamba nimehamishwa kutoka jikoni hotelini, sasa nafuatana na wageni wanaokwenda jangwani. Sikukueleza wanakwenda kufanya nini, nilijua utacheka. Wanakwenda kutembea siku sita bila kusema neno. Watu wazima, wenye akili zao, wametoka nchi za mbali kabisa, wanapanga mstari na kutembea polepole juu ya mchanga wakisikiliza pumzi zao. Wanaita kutafakari. Mama angeuliza kama hawana mashamba kwao.

Kila mtu anafuata hiyo sheria ya kunyamaza, hata sisi wafanyakazi. Simu zote zinakusanywa kwenye sanduku la chuma, linafungwa, linawekwa ndani ya gari. Gari analo Selma, mpishi mkuu, anatangulia na mahema na sufuria. Mbele ya mstari anatembea kiongozi wetu, Tuhafeni, kijana wa huku anayelijua jangwa kama wewe unavyoijua cherehani yako. Nyuma kabisa ni mimi, na maji, sanduku la dawa na filimbi. Kazi yangu ni moja: kuhesabu kofia. Wageni walikuwa kumi na wawili, kwa hiyo kofia kumi na mbili. Mgeni akitaka kujitenga kidogo kwa haja, ananigeukia na kuinua mkono, nami nainua wangu, nasimama kumngoja mpaka arudi kwenye mstari.

Sasa sikiliza. Asubuhi ile ya kuondoka, tunapakia gari, ndipo ulipotuma video ya siku ya wazazi pale shuleni kwa Neema. Nilijificha nyuma ya gari niitazame. Nikamwona amesimama mbele ya darasa na soksi nyeupe. Mwalimu akamuuliza, "Neema, umekuja na nani leo?" Akasema, "Nimekuja na mama." Mwalimu akamuuliza tena, "Mama yako anafanya kazi gani?" Akasema kwa sauti mpaka wazazi wakageuka, "Mama yangu ni fundi cherehani, anaitwa Rehema, na gauni hili ameshona yeye!"

Watu wakapiga makofi. Na wewe, Rehema, ulicheka. Niliirudia mara nne sehemu hiyo. Ulicheka, ukajifunika mdomo kwa khanga, na hukusema kitu.

Najua. Mama mdogo ni mama, kwetu ndivyo ilivyo, usinifundishe. Nilimwacha na miaka miwili, sasa yuko darasa la kwanza, na anayemchana nywele ni wewe. Yote hayo nayajua. Lakini asubuhi ile sikujua chochote. Niliona tu mwanamke mwingine amekaa kwenye kiti changu na kimemtosha.

Selma alikuwa ananiita, anataka simu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti nikasema nawe, kwa sauti ya chini na haraka. Nilisema hivi: Jumamosi hii mchukue Neema na nguo zake zote, umpeleke Msangano kwa bibi yake mzaa baba. Nilijua yule bibi anamwona mtoto mara moja kwa mwaka. Nilijua shule itakatika. Sikumtaka awe Msangano, Rehema, nilitaka tu asiwe kwako. Nikasema umezoea kuchukua vya watu, tangu utoto. Na mwishoni niliongeza sentensi moja ambayo siwezi kuiandika. Inahusu ule mwaka uliporudi kutoka hospitali mikono mitupu. Umeshaielewa.

Nikatuma. Mtandao ukawa umekatika. Ile alama ndogo ya saa ikabaki pale, ujumbe unasubiri. Selma akanyoosha mkono, nikampa simu, ikaingia kwenye sanduku. Nikajua siku simu itakapowashwa na kupata mtandao, ujumbe utaondoka wenyewe. Nakiri mbele ya Mungu kwamba nilifurahi.

Siku ya kwanza Tuhafeni aliwaambia wageni, kabla ya kufunga vinywa, kwamba kitakachokuja kichwani wasikifukuze wala wasikikumbatie, wakitazame tu na waendelee kutembea. Basi nikatazama. Kilichokuja ni wewe na khanga yako mdomoni. Nikaendelea kutembea, na wewe unaendelea kucheka. Siku ya pili vilevile. Unajua nikiwa na hasira naosha vyombo kwa kelele, nagombana na mtu, inapita. Kule hakuna vyombo wala mtu wa kugombana naye. Nilikuwa nakusuta kimoyomoyo, nakujibia, nakusuta tena, jua linapanda, linashuka. Hata wageni niliwaonea wivu. Nao wameacha watoto wao makwao, lakini wao wakirudi nyumbani wanaitwa mama na baba.

Siku ya nne ulivuma upepo kutoka mashariki, wa moto kama umefungua tanuri la mikate. Mchanga unaruka mpaka huoni nyayo za mtu aliyekutangulia. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mgeni mmoja mzee, Bi. Ingrid, mwanamke wa miaka kama sabini, mwembamba, mwenye kofia ya kijani. Saa nne hivi Tuhafeni aliinua mkono tupumzike nyuma ya kilima cha mchanga. Wageni wakakaa. Nikahesabu kofia. Kumi na moja. Nikahesabu tena kwa kidole. Ile ya kijani haikuwepo.

Nilipuliza filimbi, upepo ukaichukua. Tuhafeni akanijia na kuvunja ukimya.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Ulimwona mara ya mwisho wapi?"

Nilikuwa nimetembea nyuma ya mtu saa nzima na sikuwa nimemwona. Macho yangu yalikuwa Vwawa.

Hakuweza kuwaacha wale kumi na mmoja. Alinionyesha mti wa mgunga uliosimama peke yake nyuma yetu, akaniambia niende mpaka pale nisipite, apate kuniona. Nikaenda nakimbia, mchanga unanirudisha. Nyayo zilikuwa zimefutika zote. Pale mgungani nilianza kuita. Kiingereza chote kilinitoka kichwani, hata jina lake. Nikawa naita tu, "Mama! Mama!" kama tunavyomwita mama yeyote wa makamo sokoni. Niliita mpaka koo likakauka.

Nikasikia mtu anagonga chupa ya maji kwa jiwe. Alikuwa chini ya ukingo, pale mto mkavu unapokata kona, si mbali, lakini amegeukia upande usio wetu. Kiatu kimoja kimemtoka, kifundo kimevimba. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nilimpa maji, akanywa kidogo kidogo, ndipo akanitazama.

"Nilikuinulia mkono," akasema. "Ulinitazama usoni. Na wewe ukainua wako."

Niliinua mkono, Rehema! Nilimtazama mtu usoni, nikamwinulia mkono, kisha nikampita kama jiwe la njiani.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Tanzania," nikasema.

"Kuna nini Tanzania?"

"Mtoto wangu. Anamwita mdogo wangu mama."

Akanywa tena. "Mtoto anaumwa?"

"Hapana. Ni mzima kabisa."

"Basi nisaidie kiatu," akasema.

Nikamfunga kifundo, nikamvisha kiatu, nikambeba mgongoni kama tulivyokuwa tunambeba Mama akizidiwa na goti. Ni mwepesi kuliko gunia la mahindi. Wote waliponiona wakasimama, na mimi ndipo nikalia.

Kuanzia hapo sikutembea tena nyuma. Niliwekwa kwenye gari pamoja na Selma, kati ya masufuria, na Bi. Ingrid kiti cha mbele amenyoosha mguu. Siku mbili hizo nilikuwa na jambo moja tu kichwani, ile alama ya saa ndani ya sanduku. Selma ananyamaza, Bi. Ingrid ananyamaza, na mimi nawaza kwamba tunakaribia barabara kuu, na barabara kuu ina mnara wa simu. Siku ya sita, kabla hatujapanda kilima cha mwisho, nilimshika Selma mkono. Nikamwonyesha sanduku. Akatikisa kichwa, sheria ni mpaka tufike. Nikamwambia kwa mdomo, "Selma, nakuomba. Kabla ya mtandao." Sijui aliona nini usoni kwangu. Alisimamisha gari, akafungua.

Kwanza nilianza kuusikiliza ujumbe. Nilitaka kujisikia. Ile sauti sikuijua, ilikuwa ya mtu mkali anayeongea na mtumishi. Nilipofika kwenye ile sentensi ya mwisho sikuweza kumaliza. Nikaufuta. Nikatazama mara mbili kama umefutika kweli, ndipo nikamwambia Selma tuondoke.

Basi hukuupata. Ningeweza kukaa kimya nao, nisingegundulika. Lakini kila mara ungeniambia "asante dada" ningeusikia. Nisamehe.

Usidhani baada ya hapo nikawa mtu mwema. Tulipofika juu ya kilima simu ikaanza kulia, jumbe zinaingia, na zote zilikuwa zako. Jino la mbele la Neema limeng'oka. Umemwekea kiganjani, mmelirusha pamoja juu ya bati, amepiga kelele mpaka majirani wametoka. Picha ya pengo. Jino la kwanza, Rehema! Wivu ulinirudia palepale garini, mzima, kama haukuwa umeondoka. Mpaka leo ninao. Nilikujibu "hongera zake" na moyo unanichoma. Sasa unajua.

Kazini nimepewa barua ya onyo, na ni haki. Bi. Ingrid aliwaambia wenye kampuni wasinifukuze, na wamenirudisha jikoni hotelini. Mapumziko yangu ya Desemba hawajayagusa. Nitapanda basi mpaka Lusaka, na kutoka huko mpaka Nakonde.

Nisalimie Mama, mwambie asibebe debe la kahawa kichwani, nimeota anabeba. Msalimie shemeji, mumeo, namshukuru kwa kumpeleka mtoto shule kwa baiskeli siku za mvua. Mjomba wetu mwenye kinu cha kusaga, na mkewe. Mchungaji na mama mchungaji. Bibi wa Msangano naye, mkipata mtu wa kwenda huko, mwambieni mjukuu wake ni mzima na anasoma. Mwalimu wa Neema usimwambie kitu, mwache hivyo hivyo, hakukosea.

Nina ombi moja. Mtakapokuja kunipokea mpakani Tunduma, usimfundishe mtoto. Usimwambie njiani, "Ukimwona yule ukamkimbilie." Akijificha nyuma ya gauni lako usimsukume mbele kwa ajili ya kunipendeza mimi. Nitasimama na mabegi yangu nitamngoja. Nitaona wivu, nakwambia mapema, na utauona usoni. Usiniogope. Wewe mshike mkono, na usimwachie mpaka auachie mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Anyesi