Kokoto Ndani ya Chupa

Jumanne, 7 Novemba

Tawana kaanza kuharisha alfajiri. Maji matupu, hayana hata rangi. Kufika saa nne macho yameshaingia ndani. Mahewu, ule uji mchachu anaoupenda, kaukataa. Miaka mitatu tu! Mdogo wangu Nyembesi amempakata, anaimba nyimbo za kanisa. Mumewe Gwinyai kaenda kwa baba yake kuomba kokoto.

Baba yake ndiye Nabii wetu. Kokoto akishaiombea inatiwa kwenye maji, mgonjwa anakunywa, basi. Zahanati ni mwiko. Anayemeza dawa anavuliwa kanzu nyeupe ya kanisa, na akiwa mke wa mtu anarudishwa kwao, watoto wanabaki kwa baba. Nyembesi ana watatu.

Mimi mjane, sina mtoto, sina cha kupokonywa. Nimewaaga kwamba naenda kutafuta kuni.

Jumatano, 8 Novemba

Sista Madziva, muuguzi wa zahanati, kanipa pakiti za chumvi na sukari bila kuniuliza hata jina. Kasema tu nichemshe maji kwanza, nimnyweshe mtoto kidogo kidogo hata akitapika, na akizidi kulegea nimlete, kanzu au bila kanzu.

Nimekoroga jikoni kwangu, nikamimina kwenye chupa, nikatumbukiza kokoto ya Nabii humo humo. Nyembesi hajui. Kijiko kwa kijiko, kutwa nzima. Nyembesi aliyaonja kidogo — ati yana chumvi kama machozi ya malaika!

Jioni mtoto kakojoa. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu hivi! Nyembesi kapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. "Kokoto ya baba mkwe! Kokoto!" Nami nikapiga. Acha wafurahi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Jumamosi, 11 Novemba

Ibada. Nyembesi kasimama na Tawana begani, katoa ushuhuda. Anajua kusimulia huyo! Hata mimi nililia, na ninajua kilichokuwa ndani ya chupa. Nabii alilia pia. Si mwongo yule mzee, ndiyo shida yenyewe.

Foleni ya kokoto ilifika mtoni. Wamekuja hata wa ng'ambo ya mto Save. Halafu nikaona kitu kikanikata maini: wanateka maji pale pale mtoni, wanatia kokoto, wanawanywesha wagonjwa. Maji yale yale yanayotuua!

Mama mmoja wa ng'ambo alikuwa na binti yake mgongoni, kichwa kinaning'inia. Nikamwambia achemshe kwanza. Akanicheka. "Yuu, mama! Unataka kumpikia Mungu maji?"

Jumatatu, 13 Novemba

Binti wa yule mama kafa jana.

Mama mwenyewe kaja leo kurudisha kokoto. Hakugomba. Kasema labda imani yake ilikuwa ndogo. Nyembesi kamshika mikono, kamfariji: "Na yangu ilikuwa ndogo, dada, mpaka Tawana alipopona."

Nikatoka nje nikalia mpaka nikaishiwa pumzi. Mtoto wetu kapona, wa mwenzetu kafa kwa kumfuata. Nikisema, Nyembesi anafukuzwa, wanawe wanabaki bila mama. Nisiposema —

Jumatano, 15 Novemba

Nimemwambia Sista Madziva yote. Kanisikiliza huku anafungua dripu ya mtu. "Mficha uchi hazai, dada. Waambie." Rahisi kwake. Yeye hana mdogo wake kwenye ukoo wa Nabii.

Nimepita nyumba tatu nikiwafundisha sukari, chumvi, maji ya kuchemsha. Ya tatu wamenifungia mlango.

Ijumaa, 17 Novemba

Nyembesi!

Tangu alfajiri. Vidole vimenywea, sauti imekauka. Ameomba kokoto na maji ya mto, na wamempa kabla sijafika.

Nimemwambia kila kitu. Zahanati, pakiti, chupa. Mwanzo alicheka, ati namwonea wivu kwa muujiza wake. Nikamtia kijiko cha maji ya pakiti mdomoni — onja, unayakumbuka? Akameza.

"Kumbe siku ile Mungu hakuniona, dada?"

Nikamwambia alikuona, ndiye aliyenipeleka kwenye zile kuni. Akageukia ukutani. Kijiko cha pili kakikataa.

Gwinyai alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nikamwambia vijiko havitoshi tena, anahitaji dripu, funga ng'ombe kwenye gari sasa hivi. Akakimbia kumwita baba yake. Nabii akaja na wazee wa kanisa, wakaingia, mimi wakanitoa nje. Niko kwenye ukuta wa zizi, naandika.

Nabii katoka. Nilidhani atanilaani. Kachuchumaa mbele yangu, mzee wa watu, kaniuliza kwa sauti ya chini:

"Shuvai. Na yule binti wa ng'ambo — angepona?"

Nikamwambia ndiyo, baba. Labda angepona.

Yuko hapo hapo, mikono kichwani.

Gwinyai amefunga ng'ombe bila ruhusa ya mtu. Wamemtoa Nyembesi na blanketi, lakini ameushika mwimo wa mlango, hauachii. Sijui nguvu kazitoa wapi. Anamtazama baba mkwe wake.

"Nikipanda hili gari, baba, wanangu watabaki wangu?"

Wazee wa kanisa wamesimama uani na kanzu zao. Tawana anamvuta mama yake nguo. Gwinyai anambandua kidole kimoja kimoja, na yeye anashika tena. Nabii hajainua kichwa.

Sema, mzee. Neno moja tu, anaishiwa nguvu, sema —