Tenga la Nyanya za Ukingoni

Nanganga, Masasi
9 Mei 2024

Kwako Dada Selestina,

Shikamoo. Natumaini barua hii na tenga la nyanya nililomkabidhi kondakta vimekufikia salama, na kwamba wewe na Shemeji Alfredi hamjambo huko Lindi. Sisi wazima. Mjomba Nikolao anasumbuliwa na goti, mdomo haumsumbui hata kidogo. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu hunikatiza, na leo nataka nimalize.

Nimesikia mwani wako umeoza tena, kamba nzima nzima zimefunikwa na yale majani ya kijani yenye ute, na hata samaki aina ya tasi hawaonekani tena. Nililia, dada. Kisha nikakasirika, na hasira haijaisha.

Ulipokuja kwenye arobaini ya mama ulifungua kanga, ukautoa mwani ulioharibika na kuuweka mbele ya watu wa bustani. Ukawaeleza mlivyofundishwa kwenye kikundi chenu, kwamba mbolea tunayoweka ukingoni mwa Lukuledi huteremka na mto mpaka baharini, ikayanenepesha majani yasiyotakiwa, nayo yakausonga mwani na kuwamalizia samaki hewa. Uliomba kitu kimoja tu, bustani zirudi nyuma kidogo na nyasi ziachwe ukingoni. Wakakupa pole, wakala wali, wakaondoka. Mjomba alisema bahari ni kubwa, haiwezi kushindwa na vizibo vyetu vya soda.

Ingekuwa ni vizibo kweli, ningenyamaza. Kizibo kimoja cha mbolea kwa kila shina ndicho kipimo tulichofundishwa. Lakini ukingoni mvua ikinyesha wanasema mbolea imeliwa na maji, asubuhi wanarudia. Ikinyesha tena wanarudia tena, safari hii kwa konzi. Hakuna anayeuliza maji yakishakula yanakwenda kutapika wapi.

Mimi bustani yangu nimeihamishia juu, karibu na mihogo, nabeba maji kwa ndoo. Wanasema namwagilia bahari ya dada yangu. Waache wacheke.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Ulipomleta mwanao Oliva uliniambia nimfundishe kilimo, kwa kuwa bahari haina tena cha kumpa. Mjomba akamkatia sehemu kwenye ardhi ya ukoo, kama ilivyo haki ya mtoto wa mpwa wake, na sehemu hiyo iko ukingoni kabisa. Nilimwonya. Nikamweleza yote uliyotueleza. Akanijibu kwa adabu kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia aisahau bahari. Mwanao ana bidii, siwezi kumnyima hilo. Mvua ya juzi ilipokatika, yeye ndiye aliyetangulia kushuka mtoni na mfuko wa mbolea.

Nyanya zilizomo kwenye tenga ni zake, za mchumo wa kwanza. Amezichagua mwenyewe moja moja, akazifunika kwa majani ya mgomba zisipondeke njiani. Zipike au uzimwage, mimi nimeshindwa kukuamulia.

Nisalimie Shemeji Alfredi na wenzako wa kikundi, kama bado wanashuka majini. Mjomba naye anakusalimu. Oliva anakuamkia sana, na anangoja umwambie kama nyanya zake ni tamu.

Mdogo wako,
Yasinta