Daraja Lefu: Kwa Shemeji Aliyeongezewa Mkataba

Shemeji yangu Kamugisha,

Salamu sileti. Salamu ni za watu wanaopokeana simu, na yangu huipokei tangu uhamie Dar. Ndiyo maana nakuandikia hapa mtandaoni, mbele za watu. Usiposoma mwenyewe, utasomewa.

Hongera ya mkataba. Siku ya sherehe nilikuwepo, labda hukuniona. Nilikaa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na gongo langu la kutembelea nimeliegemeza ukutani. Hoteli ya ufukweni hapa hapa Mwanza, keki yenye umbo la gari, na wewe katikati umevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Mwenye timu akashika kipaza sauti akatangaza kuwa unaongezewa miaka miwili, kwa sababu kipaji hakitupwi. Msimu uliopita ulishinda mbio moja, tatu hukumaliza, na moja ulichelewa kuanza kwa kuwa ulikuwa unahojiwa na redio. Wamekuvika kilemba cha ukoka, nawe ukainamisha kichwa ili wakifunge vizuri. Na mimi nilipiga makofi.

Wanaosoma hawatujui, kwa hiyo niwaambie mimi ni nani kwako. Mdogo wangu Kabula ni mke wako. Na kwa miaka sita nilikaa kushoto kwako ndani ya gari la mashindano nikiwa msoma ramani wako. Ramani yenyewe hakuna, kuna daftari. Kazi yangu ilikuwa kukusomea kila kona, kila shimo na kila daraja kabla hujaliona. Kazi yako ilikuwa kusikia na kukanyaga mafuta. Watu wanamjua dereva tu, na hilo halikuwahi kuniuma.

Nakumbuka ulivyoanza kuja dukani kwangu Mabatini na pikapu ya baba yako. Ulikuwa unanunua spea ambazo gari halikuzihitaji, macho yako kwa Kabula anayeandika risiti. Ulipokuja kujitambulisha nyumbani, marehemu baba alikuuliza unafanya kazi gani. Ukasema, "Shikamoo mzee, mimi ni dereva." Akadhani wa malori, akaridhika. Tulicheka hilo miaka mingi, wewe na mimi.

Nakumbuka pia siku za kupita njia kabla ya mashindano, kuandika daftari. Wewe ulilala kiti cha nyuma, mimi nikashuka kupima kona kwa hatua, jua la Misungwi likinikaanga utosi. Tukifika Kigongo kula sato, ulimwambia mama wa mgahawa, "Huyu ni shemeji yangu, ananisaidia kushika kalamu." Nilicheka, nikakumegea ugali. Nilidhani ni utani.

Lakini sitakuwa mwongo kama wewe. Siku ile ya mvua Sengerema, waipa zilipokufa na kioo chote kikawa tope, ulikuwa huoni hata boneti. Ukaniambia, "Sema shemeji, nakusikia." Ukaendesha njia nzima kwa mdomo wangu, neno kwa neno, na tukashinda. Tulipofika ukaniegemea begani ukalia, kofia ngumu ikiwa bado kichwani. Siku ile ningekufuata popote. Nadhani hata hao waliokuongezea mkataba wanaishi kwa siku ile moja, kama nilivyoishi mimi.

Sasa tuje kwenye mpunga, siku ya ajali. Ile njia ya vumbi ina madaraja mawili. La kwanza ni fupi, ukilivuka unakata kushoto. La pili ni refu, unanyoosha moja kwa moja. Tulivuka la kwanza salama. Tulipolikaribia la pili nilikusomea kama nilivyoandika, na gari likaacha barabara upande wa kushoto, likashuka kwenye majaruba, likabiringika mara mbili. Mguu wangu ulivunjika sehemu tatu. Wewe ulitoka na mchubuko wa kiwiko, na mimi nikiwa bado nimening'inia kwenye mkanda kichwa chini, nikakusikia nje tayari unatoa maelezo.

Maelezo yenyewe yalikuwa mazuri, lazima nikubali. Uliwaambia waandishi kwamba shemeji yako ni Msukuma, herufi R haijui. Badala ya kusema "daraja refu" alisema "daraja lefu", na wewe kwa ile spidi ukasikia "lefti", ukakata kushoto. Mwanza nzima ikacheka mpaka ikashika mbavu.

Mimi nasema lefu, sikatai. Nasema balabala, nasema lafiki. Baba yangu alisema hivyo hivyo na hajawahi kumtumbukiza mtu kwenye mpunga. Miaka sita ulinisikia nikisema lefu na hukukata kona kwa ajili yake. Halafu tangu lini daftari letu likawa na Kiingereza? Wewe ndiye uliyetaka liwe la Kiswahili, maana hicho Kiingereza unachotambia watu kinakukimbia ukishtuka kidogo tu. Lakini nani angeyauliza hayo? Timu ikaniondoa, wewe ukabaki. Wateja wangu wakaacha kuniita jina langu. "Mzee Lefti, nipe plagi nne." Nikawapa plagi.

Ulikuja wodini siku ya tatu. Fundi aliyelivuta gari alikuwa ameniletea memori kadi ya ile kamera ndogo ya ndani, tukaiangalia wote wawili kwenye simu yako. Mimi nasikika nikisema, "Daraja lefu, nyoosha." Wewe unajibu, sauti safi kabisa, "Refu, nimepata." Kisha unatoa mkono wa kulia kwenye usukani, unaupitisha dirishani, unawapungia wasichana waliosimama upande ule wakiita jina lako. Kichwa nacho kinawafuata. Gari linaenda linakotaka. Tulipinduka kwa sababu ulikuwa unapunga mkono, shemeji.

Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukanibembeleza. "Nibebe, shemeji. Wakijua hawataniongezea mkataba. Kabula na watoto wataishi wapi?" Mwanaume mzima, umejificha nyuma ya gauni la mdogo wangu. Ningekutemea mate usoni, yangeishia pale pale. Badala yake nikaiweka kadi chini ya mto na kukwambia usijali. Mwaka mzima nikafa na tai shingoni, nikidhani ninayeumia ni mimi peke yangu.

Halafu siku ya keki, baada yako, likaitwa jina la pili. Minza, binti yangu wa kwanza, ambaye misimu miwili amekuwa akiwasomea madereva wachanga. Umemchagua wewe mwenyewe akae kiti changu. Ulimwambia, nimesikia kwa masikio yangu, kwamba sasa atalisafisha jina la familia. Una uso mkavu, Kamugisha. Nimekutana na matapeli wa kila namna katika biashara ya spea, wanaouza bearingi mbovu zilizopakwa grisi mpya, na hata mmoja wao hajawahi kuniomba mwanangu.

Jioni ile alirudi nyumbani Mkolani amevaa fulana ya timu. Akachuchumaa akaniwekea mto chini ya mguu. "Baba, usiwe na wasiwasi," akasema kwa upole. "Mimi R yangu ni safi. Anko hatasikia vibaya." Ndipo nilipoelewa kwamba mwaka mzima mwanangu aliamini ulimi wangu ndio uliotupindua, na kwamba alikuwa ameshanisamehe. Msamaha ule uliniuma kuliko mguu. Nilikaa na neno hilo siku nne, silali wala sili, nikikupigia simu umwondoe mwenyewe kimyakimya. Hukupokea.

Jana baada ya ibada nilimwita nikaweka kadi kwenye kompyuta. Aliangalia mpaka mwisho. Akarudisha nyuma, akaangalia tena pale unapopunga mkono. Nilitegemea akutukane, na nilikuwa tayari kumsaidia. Hakukutaja kabisa. Akanigeukia mimi.

"Kumbe ulikuwa nayo," akasema. "Na siku nasaini ulinipiga picha."

Nikamwambia nilikuwa namlinda shangazi yake.

"Na mimi nilikuwa nalindwa na nani?"

Miaka sita nimesoma kona zote za mkoa huu kabla gari halijafika, na ile sikuiona. Asubuhi hii ameirudisha fulana kwa meneja wa timu pamoja na nakala ya kadi, kwa hiyo utatafutwa. Wakikuvunjia mkataba au wasikuvunjie, shauri yao. Watu wa aina yako huwa mnaokotwa. Mimi siandiki kwa ajili hiyo. Minza amebeba begi lake amekwenda kukaa kwa rafiki yake. Aliniambia mlangoni kwamba atarudi siku nitakaposema kwa mdomo wangu, mahali ambapo hao wote walionicheka watasikia, kwamba nilijua.

Basi wasikie. Nilijua tangu wodini. Nilinyamaza, na nikamwacha mwanangu asaini kukaa kando ya mtu asiyefaa hata kuendesha mkokoteni. Wewe nakudharau, shemeji, na sijui kama nitaacha. Lakini wewe ulidanganya siku moja ukiwa umejawa hofu. Mimi nilidanganya kila asubuhi, nimekaa kwenye kiti, chai mkononi, naye ananiwekea mto.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie nyumba ya baba yake ni yake na wanawe, leo na siku yoyote. Wewe usije. Chakula cha Minza kipo mezani na sijui nimfunikie mpaka lini.

Ni mimi,
Baba Minza