Ufizi wa Naserian

Jumanne, Kitengela

Naogopa kwenda kazini kesho.

Mwanangu Naserian ana miezi sita, na tangu jana anaharisha na mwili unachemka. Asubuhi mama mkwe alimfungua mdomo, akanionyesha ufizi uliovimba. "Haya ni meno ya plastiki. Yasipong'olewa, huyu mtoto hatapona."

Nikambeba mbio hadi kwa daktari wa meno. Akasema watu wametafiti, na hakuna aliyegundua kwamba kuyang'oa kunatibu homa. Ni meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Kinachoua watoto ni kuishiwa maji mwilini, na vile vidonda vya kung'olewa kwa vyuma vilivyonolewa. Akanipa dawa ya kuongeza maji mwilini.

Nilimweleza Mama, huyo mama mkwe, polepole. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wangu sita waling'olewa, na wote wako hai." Nikamtazama mume wangu, ambaye mpaka leo hana chonge za chini. Akaangalia ukuta.

Kesho ni Mama atakayebaki na mtoto. Nimeomba ruhusa kazini, sijajibiwa, na kama...

Jioni nikitafuta nepi kwenye kikapu cha Mama nilikuta spoku ya baiskeli. Imenolewa, na ameifunga kwa leso yake safi ya kanisani.