Damu Niliyoisukuma kwa Haraka

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na viatu vyangu nimeviacha nje mlangoni vikiwa vimejaa udongo wa Kirewa.

Nimekasirika. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili huko mwishoni nisije nikajifanya mtu mwenye hekima. Nimemkasirikia bosi, nimeikasirikia mvua, nimeikasirikia barabara. Lakini hao wote ni wa kusingizia tu. Aliyeharibu ni mimi.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mfanyakazi wa maabara. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, na huu ni mwaka wa pili navuka mpaka kuja kufanya kazi kwenye kliniki moja huku Tororo. Tunakusanya damu ya watu wachache sana ambao wana virusi vya Ukimwi lakini miili yao inavizuia bila dawa. Tunataka kujua inavizuiaje. Katika orodha yetu, aliyeweza kwa muda mrefu kuliko wote ni mama mmoja mkulima wa Kirewa. Nitamwita Mama Apio, ingawa hilo si jina lake. Miaka tisa, bila kidonge hata kimoja.

Tunachotafuta katika damu yake ni RNA ndogo. Nilipomweleza mara ya kwanza nilitumia lugha ya darasani, akaanza kupiga miayo. Nikajaribu upya. Nikamwambia kila chembe ya mwili ina jiko. Maagizo ya mapishi yanafika jikoni yameandikwa, na mpishi anapika kilichoandikwa, basi. Kirusi kikiingia kinaleta maagizo yake na kumtumikisha mpishi yuleyule. Sasa RNA ndogo yenyewe haipiki chochote. Inakaa palepale jikoni, ikiona agizo isilolipenda inalishika na kusema hili leo halipikwi. Kuna zinazoshika maagizo ya kirusi. Kuna zinazouzuia mwili usipike kile ambacho kirusi kinakihitaji. Na kuna nyingine, sikumficha, ambazo zinakisaidia kirusi kulala mafichoni.

Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo si ndiye mama mkwe!" akasema. "Yeye hapana pika, lakini akikataa, chakula hapana toka."

Tangu siku hiyo tukawa tunaziita mama mkwe, mimi na yeye. Nikienda kwake ananiuliza kama mama mkwe wake hajambo. Namjibu hajambo, bado ni mkali. Anafurahi.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na nimechelewa sana kuliona. Muuguzi wetu, Sista Athieno, amemsihi Mama Apio miaka yote hiyo aanze dawa kama watu wengine wote. Yeye anatoka na ushauri wake, sisi tunaingia na visanduku vyetu tukiisifu damu yake. Damu ya ajabu. Damu ambayo watu wa Kampala wanaiulizia. Ni nani angekubali kumeza dawa baada ya kusifiwa hivyo?

Halafu mwaka huu akapata mkanda wa jeshi, malengelenge yakamzunguka ubavu mmoja, maumivu ya kumnyima usingizi. Vipimo vikaonyesha virusi vimeanza kupanda. Si sana, lakini vimepanda. Sista Athieno akakaa naye tena, na safari hii Mama Apio akakubali. Angeanza dawa leo.

Kwetu ilimaanisha damu ichukuliwe kabla ya leo. Mtu akishaanza dawa, huwezi tena kujua kinachokizuia kirusi ni mwili wake au ni kidonge. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda Kirewa na mirija miwili ya mwisho niliyokuwa nayo, ile maalumu inayohifadhi RNA.

Wingu lilikuwa limefunga. Mwenye bodaboda alikuwa barabarani anapiga honi. Mshipa wa Mama Apio ulikuwa unatoa damu kidogokidogo, nami nilivuta kwa bomba la sindano, kisha badala ya kuiacha damu iteremke yenyewe kwenye mrija, nikaisukuma kwa kidole gumba. Nguvu zote. Kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakatazwa kukifanya.

Ukiisukuma damu namna hiyo, chembe nyekundu zinapasuka. Nazo zina RNA ndogo zao, tele, zisizohusika na tunachokitafuta. Zikimwagika, huwezi tena kusikia sauti ya mama mkwe mmoja katika kelele za soko zima.

Leo asubuhi ujumbe ukaja kutoka maabara kuu. Maji ya damu, ambayo yanatakiwa kuwa ya manjano, yametoka mekundu kama juisi ya rosela. Ya mirija yote miwili. Hayafai.

Bosi akapiga simu kuuliza kulikoni. Nikamwambia barabara ni mbovu, bodaboda ilirukaruka.

Nilisema hivyo. Mdomo wangu ulikuwa mwepesi hata mimi nilishangaa.

Mirija mingine itafika wiki ijayo. Bosi akasema, kwa sauti yake ile ya upole, nimwombe Mama Apio asubiri wiki moja tu. Ameishi miaka tisa bila dawa, wiki moja itamfanya nini? Kesho saa kumi atanipigia asikie jibu. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia bosi kwamba hilo si letu kuliomba. Lakini mtu aliyetoka kudanganya sasa hivi hana ujasiri wa kubishana na yeyote.

Mama Apio akafika saa nne, amelowa, amevaa gauni lake la kanisani, ameshika mfuko wa karanga za kumpa Sista Athieno. Sista alikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Nikamwendea pale kwenye benchi. Nikamwambia arudi wiki ijayo, kuna kipimo kidogo kimebaki.

Uso wake! Nilidhani atalalamika, ametoka mbali kwenye mvua. Badala yake alifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Akanikabidhi karanga na kuondoka haraka, kabla sijabadilisha mawazo.

Sista Athieno alipotoka akauliza mgonjwa wake yuko wapi. Nikamwambia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa kwenye benchi, palepale penye alama ya maji ya gauni la Mama Apio, akasema, "Miaka tisa, musawo. Leo amekuja mwenyewe, na wewe umemfungulia mlango wa kutoka." Huku musawo ni mganga, mtu wa hospitali. Sikuwahi kulisikia jina hilo likiniuma.

Ndipo nilipoelewa. Wiki moja haikuwa wiki moja. Angerudi nyumbani, malengelenge yameshapona, woga wa dawa ungepata nafasi ya kukaa tena, na asingeonekana tena kliniki.

Tulikwenda Kirewa mimi na Sista kwenye bodaboda moja, yeye katikati, amekumbatia dawa ndani ya mfuko wa nailoni. Tuliteleza mara mbili.

Tulimkuta barazani anachambua karanga. Alipotuona alishusha macho. Nilikuwa nimepanga maneno ya kitaalamu njiani, yote yakapotea. Nikamwambia ukweli: damu yake niliiharibu mimi kwa haraka zangu, kipimo kilichobaki kilikuwa chetu wala si chake, na kumrudisha nyumbani lilikuwa kosa.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila hasira, "Basi asubuhi wewe hapana taka mimi. Wewe nataka damu."

Ndiyo, nikasema. Asubuhi ilikuwa hivyo. Nilikuwa naona aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Halafu akauliza, "Na mama mkwe yangu? Nachoka?"

Hapa ningeweza kumpa jibu zuri. Ningeweza kusema ndiyo amechoka, na mambo yangekuwa rahisi kwa kila mtu. Lakini sijui. Hakuna ajuaye. Damu ambayo pengine ingetuonyesha kidogo ndiyo hiyo niliyoiharibu. Nikamwambia sijui, mama. Ninachojua ni kwamba virusi vimeanza kupanda, na kidonge hiki hakimtegemei mama mkwe.

Sista Athieno alichota maji kwa kikombe cha plastiki akakiweka chini kati yetu.

Mama Apio alikigeuzageuza kidonge mkononi kama anayekagua mbegu. Alikitazama muda mrefu. "Miaka tisa mama mkwe nasimama tu jikoni," akasema. "Sasa akae chini."

Akameza.

Ilikuwa saa kumi. Sista akamwambia saa hiyo iwe ndiyo yake kila siku, akaitikia kwa kichwa na kuanza kutufungashia karanga nyingine, kana kwamba tulikuwa wageni wa heri.

Bado nimekasirika. Tumempoteza mtu ambaye hatutampata mwingine kama yeye, na kile ambacho mwili wake ulikijua miaka tisa hatutakisoma kamwe, kwa sababu ya wingu, honi na kidole gumba changu. Labda kilikuwa kitu cha kuwasaidia wengine. Labda kisingekuwa chochote. Hilo la kutojua ndilo linalonikera kuliko yote, na sidhani litakwisha.

Nina fomu mbili hapa mezani. Ya kwanza inauliza sababu ya mshiriki kuondolewa. Nimejaza: ameanza dawa. Hiyo ilikuwa rahisi, hata nimeiandika kwa herufi nzuri.

Ya pili inauliza kilichoharibu damu. Nilikuwa nimeandika barabara. Nimekata, nimeandika juu yake: mkono wangu.

Kesho saa kumi bosi atanipigia, nami nitamsomea zote mbili. Saa hiyohiyo Mama Apio atakuwa anameza kidonge cha pili.