Mto wa Ghorofa ya Sita

Chumba cha Wafanyakazi wa Kike,
Nyuma ya Chumba cha Kufulia.
Jumatano, saa tisa alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado inanukia hadi kwa majirani? Mimi mwili mzima, nakula, nafanya kazi. Usingizi tu ndio umenikimbia, na sababu utaiona mbele, kwa hiyo kaa kitako kwanza, na huyo mwanao Redio akiwa karibu mtume dukani.

Simu nimeshindwa. Nampigia Redio tangu juzi hapatikani, itakuwa ameitumbukiza kwenye ndoo tena. Hata angepatikana, haya ningeyaandika tu. Jina lile hatukumpa bure. Nikimwambia asubuhi kwamba nimepiga chafya, kufika mchana mtaa mzima unanipa pole ya homa ya mapafu.

Mwanangu Kidosho hajambo? Uliniandikia kwamba bado halali bila kukumbatia gauni langu la maua, lile lililochanika kwapani, na kwamba hataki mtu alifue. Nami nikakujibu mbiombio, nimesimama, kwamba ulikate liwe matambara ya jikoni, mtoto wa miaka saba si mchanga, azoee. Barua hiyo niliituma siku kumi zilizopita. Nitarudi kwenye hilo gauni.

Kazi sasa. Unajua sisi wasafisha vyumba themanini wa hoteli hii tuliajiriwa kwa ajili ya Michezo tu. Wageni wakifunga mabegi, na sisi tunafunga. Ila kumi na wawili watabakizwa kwa mkataba wa miaka miwili, na mwenye mkataba huo anaruhusiwa kumleta mtoto wake. Orodha itabandikwa Jumatatu. Msimamizi wetu ni mwanamke mwembamba anayepitisha kidole juu ya kila mlango akitafuta vumbi, nasi tunamwita Kidole, asisikie. Wiki iliyopita alinivuta pembeni akaniambia jina langu limo, nisije nikaliharibu.

Mimi na mdomo wangu nikakimbilia simu. Redio akapokea, na kabla hujaambiwa wewe Kidosho alishajua. Nasikia ameshapanga nguo zake kwenye mkoba wa shule na anaaga watu.

Sasa nisikilize.

Chumbani nalala na mama mmoja wa makamo tunayefanya naye kazi. Namwita Dada Mkubwa, maana ndiye aliyenifundisha kila kitu, kuanzia kukaza shuka pembeni hadi kusukuma toroli bila kugonga ukuta. Mgongo wake umechoka. Ghorofa yake ni ya sita, wanakolala wakimbiaji, na mabafu ya kule huyasugui bila kuinama. Yangu ni ya nne, mabafu ya kusugua umesimama. Juzi Jumatatu nikamwambia tubadilishane, kimyakimya. Ni marufuku, kwa sababu kila ghorofa ina jina la mtu wake kwenye karatasi ya ofisini, kitu kikipotea wajue wa kumuuliza.

Chumba cha mwisho nikakuta kitanda kina mito minne. Mitatu safi. Wa nne nilipouvua foronya nilishtuka. Ulikuwa bapa kama kandambili, wa manjano, una madoa, umeshonwa pembeni kwa mkono kwa uzi mwekundu. Nikasema lo, aibu gani hii! Nilidhani kuna mwenzetu aliuchana mto wa hoteli akaushona kwa siri asigombezwe. Mgeni ametoka kwao kuja kukimbia mbele ya dunia nzima, tumlaze juu ya kitu hiki? Unanijua, na wewe ndiye uliyenilea hivyo: mgeni apewe kilicho kizuri hata kama sisi tutalala chini. Nikautia kwenye gunia la vitu vya kutupwa, nikamwekea mito miwili mipya iliyotuna. Nilitoka mle ndani naimba, Shangazi. Naimba!

Kumbe ni wa mgeni mwenyewe, binti mkimbiaji. Mama yake alimshonea alipoondoka nyumbani mara ya kwanza, na hajawahi kulala ugenini bila huo. Dada Mkubwa alikuwa anajua, ndiye aliyekuwa anauvisha foronya safi kila siku, akasahau kunitajia. Jioni ile binti alishuka mapokezi akalia mbele za watu, msichana mrefu hivi, analia kama Kidosho. Jana akakimbia mchujo hajalala, akaponea chupuchupu, nafasi ya mwisho kabisa. Fainali ni Ijumaa.

Huku kuna watu wananunua vitu vya wanamichezo, hata soksi chafu, kwa hiyo Kidole moja kwa moja akafikiria wizi. Akaangalia karatasi, akaona jina la Dada Mkubwa, akamwita mbele yetu jana jioni. Dada Mkubwa akajibu hajui ulipo, basi. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nakunja taulo.

Nilinyamaza. Nikuambie ukweli, Shangazi, nilinyamaza. Nilikunja taulo moja mara tatu. Mbele ya macho nilimwona Kidosho na mkoba wake. Dada Mkubwa amepewa hadi leo saa kumi na mbili jioni mto uwe umeonekana, la sivyo kesho anaondoka na jina la mwizi.

Tuliporudi chumbani nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Wewe una mtoto wa kumleta. Wangu wameshaoa." Akageukia ukutani, akaniomba nimchue mgongo. Nilimchua.

Leo mchana, badala ya kula, nilishuka stoo ya chini. Gari la taka huja Alhamisi, kwa hiyo magunia yote bado yalikuwepo. Nilifungua kumi na moja, mataulo yaliyochanika, mapazia, kandambili za mguu mmoja, nikaanza kukata tamaa. Kwenye la kumi na mbili nikaona uzi mwekundu. Sijui kwa nini, niliuweka usoni. Unanukia nywele za mtu na mafuta ya kichwa. Unanukia kwao. Nikakaa juu ya magunia nikalia hadi kichwa kikauma, kwa sababu hapohapo ndipo nilipolikumbuka lile gauni.

Sasa mto uko magotini kwangu, nimeufunika taulo, naandikia juu yake, nisamehe mwandiko. Nimeshawaza niuache mlangoni kwa binti nikimbie. Binti atalala, mimi nitabaki kwenye orodha, Kidosho atapanda ndege. Lakini watasema Dada Mkubwa aliiba, akaogopa, akarudisha. Nimeligeuza jambo hili kila upande tangu jana, sioni pa kupitia. Nikimaliza barua hii napanda kwa Kidole, mto mkononi, nimwambie niliutoa mimi, na kubadilishana ghorofa wazo lilikuwa langu, na kweli lilikuwa langu. Naogopa, Shangazi. Miguu yangu naijua, itataka kushuka ngazi badala ya kupanda.

Barua za huku hutembea wiki tatu. Ukiisoma nami nimekaa hapo jikoni, basi walinifukuza, na tafadhali usiisome kwa sauti. Ukiisoma peke yako, ujue nimesamehewa. Kidosho mwambie mkoba auache ulivyo, asitoe kitu wala asiongeze, na asiendelee kuaga watu, jamani.

Nisalimie Babu wa Saa, mwambie saa za huku hazihitaji fundi ila watu wake ndio hawatulii. Nisalimie mke wa Redio, pole yake ninaijua. Redio mwenyewe msalimie, lakini usimwambie kitu. Mungu akulinde, akupe magoti mepesi na miaka ya kutosha kunigombeza.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linaloniumiza kuliko Kidole. Nimepiga simu tena sasa hivi, hapatikani. Ile barua nyingine iko mbele ya hii na siwezi kuikimbiza. Kama gauni hujalikata, weka mkasi chini. Kama umeshalikata, yatafute hayo matambara yote, hata lililo chini ya sufuria, uyaunge kwa uzi wowote utakaoupata. Usiyafue. Mrudishie leo hii kabla hajaenda kulala. Mto wa mtoto wa watu nimeutupa kwa mikono yangu na nimeweza kuufuata stoo. Gauni la wangu siwezi kulifikia, nakutegemea wewe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,
Mama Kidosho